Mguu wa Augustine na Jina la Mama Kabedi

Mama Kabedi alikuwa mjane. Aliishi Kamina, mji wa Kongo, katika nyumba ya mwanawe Banza, fundi wa baiskeli karibu na reli. Mke wa Banza, mama wa watoto wake, aliitwa Augustine. Nyumba nyingi zina ugomvi kati ya mama mkwe na mke wa mtoto, lakini nyumba hii haikuwa nao. Wanawake hawa wawili walilima shamba moja na kukaa benchi moja kanisani. Augustine alikuwa na maneno mengi, Mama Kabedi machache. Walipatana vizuri kwa sababu hiyo.

Shamba lao lilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku za kuvuna muhogo walikwenda na baiskeli. Wakati wa kurudi hakuna aliyeipanda. Waliipakia magunia mawili, na Augustine aliisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Mama Kabedi alifuata nyuma, beseni kichwani na jembe mkononi.

Siku moja ya Alhamisi walifika kwenye mlima mdogo ulio kabla ya mji. Augustine aliinama, akakaza miguu, akasukuma kwa nguvu zake zote. Paa! Ulisikika mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa. Augustine aliachia baiskeli, magunia yakaanguka. Alishika mguu wake wa kushoto kwa nyuma, juu kidogo ya kisigino. Kisha aligeuka, akamwona Mama Kabedi na jembe lake.

"Mama," alisema, "juu ya nini unanipiga?"

Mama Kabedi alikuwa hatua tano nyuma yake. Hakuwa amemgusa. Lakini jirani yao Tamar alikuwa akipita na kuni zake, na maneno hayo aliyasikia vizuri sana. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa umeyasikia, tena yametiwa chumvi. Tamar alieleza kwamba pale njiani hapakuwa na jiwe wala nyoka wala mtu mwingine. Mguu wenyewe haukuwa na kidonda. Aliyekuwa nyuma ni mama mkwe peke yake. Yaliyobaki watu waliyamaliza wenyewe, na neno walilolipata ni uchawi.

Maumivu yalipopungua, Augustine alisema kwamba amekosea, kwamba mama hakumpiga. Watu walitikisa vichwa. Walisema anamwogopa.

Kwa sababu ya neno hilo, Banza hakumpeleka mke wake hospitali. Alimleta mtu anayejua kutoa vitu vya wachawi mwilini. Mtu huyo alimchanja Augustine, akampaka dawa, akamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Wiki tatu zilipita hivyo. Augustine aliweza kuburuta mguu, lakini hakuweza kusimama kwa vidole. Juu ya kisigino palikuwa na shimo ambalo kidole kiliingia. Ni Mama Kabedi aliyemwambia mwanawe waende hospitali, na Banza alimtazama kwa jicho baya, kama mtu anayejiuliza mama huyu anataka nini. Mwishowe alikubali.

Hospitalini daktari alimlaza Augustine kifudifudi. Alibana kigimbi, ile nyama nene ya nyuma ya mguu. Alipobana cha mguu mzima, unyayo ulicheza. Alipobana cha mguu mgonjwa, unyayo ulitulia tu. Daktari alisema kano imekatika. Kano ni kamba ngumu ndani ya mwili. Hii ya kisigino inashika kigimbi na kisigino pamoja, na bila hiyo mtu hawezi kujisukuma mbele. Kukanda hakuungi kamba iliyokatika, na wiki tatu zilikuwa zimepotea bure. Augustine alipasuliwa, kano ikashonwa, mguu ukafungwa plasta huku vidole vikielekea chini.

Baada ya wiki mbili walimtoa plasta na kumkabidhi kwa Émerence. Émerence alikuwa kiné, yaani mfanyakazi wa hospitali anayefundisha viungo vilivyoumia kufanya kazi tena. Hakuzaliwa Kamina. Alizaliwa mbali, akaja kumfuata mume wake Bokungu, askari wa kituo cha jeshi. Alimvalisha Augustine atele, kifaa kigumu cha kushikilia mguu, kinachofungwa kwa kamba. Chini ya kisigino aliweka vipande vinne vya mpira alivyovikata kwenye sandali kuukuu. Vilikuwa vya kuinua kisigino ili kano isivutike. Alisema kila wiki mbili wataondoa kipande kimoja. Alikataza mguu mtupu, alikataza kubeba mizigo, alikataza kuvua atele bila yeye kusema. Augustine aliitikia yote.

Wiki ya tano baada ya kupasuliwa, mzee Kisimba alifika kutoka Mulongo. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Kabedi, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Habari za uchawi zilikuwa zimemfikia huko. Aliita kikao Jumapili baada ya misa. Jambo lilikuwa moja: Mama Kabedi abaki katika nyumba ya Banza, au aondoke.

Mama Kabedi alikaa kwenye mkeka. Augustine alikaa kwenye kiti, mguu juu ya kigoda. Kisimba aliutazama mguu ule, akatazama kiti. Alinung'unika kwamba siku hizi wake za watu wanasema na wazee wakiwa wamekaa juu.

Sasa kila Muluba, mtu wa kabila lao, anajua jambo hili. Mwanamke anayetaka kusema neno zito mbele ya wazazi wa mume wake hapigi kelele. Anapiga magoti, anapiga makofi polepole, ndipo anasema. Neno lililosemwa kitini halina uzito. Augustine alilijua hilo tangu utoto. Aliona kwamba akibaki kitini, mama mkwe wake atafukuzwa. Basi aliinama, akafungua kamba za atele, akaivua. Mama Kabedi aliona, akataka kumzuia, lakini alichelewa. Augustine alikuwa tayari amepiga magoti mbele yake.

"Mama hakunipiga," alisema. "Kinywa yangu njo ilikosa ile siku. Mama, unisamehe mbele ya bote."

Lilikuwa neno zuri, na kama lingeishia hapo, kikao kingeisha. Lakini mtu aliyepiga magoti lazima asimame. Augustine alikunja vidole vya mguu wa kushoto chini yake, akajisukuma juu.

Paa!

Chumba kizima kilisikia. Augustine alianguka ubavu, mikono kwenye mkeka, na sauti aliyoitoa Mama Kabedi hakuisahau tena maishani. Safari hii hakuna aliyekuwa nyuma yake. Mama Kabedi alikuwa mbele, tena amekaa. Lakini watu waliokwisha kuamua hawaoni tofauti ya mbele na nyuma.

"Mara mbili," alisema Kisimba. "Mara mbili, na ni ule ule muntu eko pale."

Asubuhi iliyofuata Banza alimfuata mama yake jikoni. Hakumtazama usoni. Alimwomba aende kwanza Kinkondja kwa mdogo wake yeye mama, anayekausha samaki, mpaka watu watulie.

"Nikienda leo, nitaenda na jina ya buloji, jina ya uchawi," Mama Kabedi alimjibu. "Na ile jina, batoto yako njo batabakia nayo. Siendi."

Banza alirudi nje kwenye baiskeli zake. Alijua kwamba mama yake anasema kweli, na jambo hilo lilimchoma.

Augustine alipasuliwa mara ya pili. Daktari alikuta kano imechakaa, ikabidi akate ukanda juu kwenye kigimbi ili kuunga pengo. Alisema wazi kwamba ikikatika mara ya tatu, hana tena cha kushona.

Émerence aliita watu wa familia hospitalini. Walikuja Banza, Mama Kabedi, na mzee Kisimba ambaye alikuja kusikiliza tu, ndivyo alivyosema. Tamar alikuja pia, bila kuitwa. Émerence aliwauliza mambo yalivyokwenda tangu mwanzo. Walipofika pale Augustine alipogeuka nyuma, Émerence aliinua mkono.

"Mungoje," alisema. "Nimetunza bantu wengi wa hii kano. Askari, bacheza mpira, ba mama wa shamba. Karibu bote banasema maneno ile ile. Banasema: muntu amenipiga mateke kwa nyuma. Banageuka, banatafuta muntu, hakuna. Kano ikikatika, mwili inasikia kama kupigwa. Ile mulio iko ya kano yenyewe. Augustine aliona Mama Kabedi kwa sababu Mama Kabedi njo alikuwa pale. Kama ingekuwa mbuzi, angeuliza mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Tamar alitazama sakafu. Mama Kabedi alijifunika uso kwa kitenge, akalia kimya, mabega yakimtikisika. Kwa miezi miwili hakuna mtu aliyemtetea kwa sauti isipokuwa mgonjwa mwenyewe.

Kisimba hakulia wala hakuomba radhi. Alisema maneno ya hospitali ni mazuri, lakini yeye ataamini macho yake. Mguu ukipona, Mama Kabedi atakaa. Usipopona, atakwenda. Akarudi Mulongo.

Basi kuanzia siku hiyo Mama Kabedi aliuchunga ule mguu kuliko mboni ya jicho. Ulikuwa mguu wa mtoto anayempenda, na ulikuwa jina lake.

Émerence naye alikuwa na la kukiri. "Kwetu mwanamuke hapigi magoti hivi," alimwambia Mama Kabedi. "Niliwakataza mambo ya kwetu, sikuuliza mambo ya kwenu. Nilipashwa kuuliza. Sasa weye unionyeshe siku ya Augustine, tangu kuamka mpaka kulala. Usiache hata kintu kimoja."

Mama Kabedi alimwonyesha pale pale, katikati ya chumba. Alionyesha jinsi Augustine anavyochuchumaa chooni. Alionyesha anavyokaa kwenye kigoda kifupi mbele ya mbabula, jiko la makaa, magoti yakifika kidevuni. Alionyesha kufagia, kutwanga, kuchota maji, kusalimu wakubwa, na kupiga magoti kanisani. Kila mara unyayo ulipokunjwa juu kuelekea muundi, Émerence alimsimamisha. Alimweka mkono juu ya kisigino ili ahisi kano inavyovutika. Mama Kabedi aliona kwamba siku moja ya mwanamke wa Kamina inamvuta kano mara mia.

Wakabadilisha nyumba. Banza alikata tundu kwenye kiti cha mbao, akakiweka juu ya shimo la choo. Mbabula ikapandishwa juu ya meza. Kazi za kuinama zikawa za Mama Kabedi. Kuhusu magoti, Mama Kabedi mwenyewe alikwenda kwa padri na kwa wazee wa ukoo walio mjini. Aliwaambia kwamba Augustine atasalimu akiwa amekaa, kwa makofi tu, kwa mwaka mzima. Mzee mmoja alikunja uso. Mama Kabedi, mtu wa maneno machache, alimwambia kwamba akitaka magoti atapewa yake yeye Kabedi.

Lakini usifikiri kwamba mambo yalikwenda vizuri. Siku ya kumi na mbili baada ya kupasuliwa, Mama Kabedi alisikia harufu mbaya kwenye plasta. Augustine alikuwa na joto mwilini. Banza alisema wangoje tarehe waliyopewa. Mama yake hakungoja. Alimpakia Augustine kwenye baiskeli, akaisukuma mwenyewe mpaka hospitali, watu wakimtazama kutoka madirishani. Kidonda kilikuwa kimeoza pembeni. Émerence alisema wangechelewa siku nyingine tatu, mguu wote ungekuwa hatarini. Aliwakumbusha dalili za kurudi mbio: usaha, harufu, homa, kigimbi kuvimba na kuuma ghafla, au pumzi kukatika. Mtu akiona moja kati ya hizo, asingoje tarehe.

Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Plasta ilipotoka, kigimbi cha Augustine kilikuwa kimekwisha, chembamba kama mkono wa mtoto. Augustine alikitazama, akageukia ukuta, na kwa siku mbili hakula. Alisema Banza atachoka naye. Alisema angekufa kuliko kuwa mzigo. Mama Kabedi alimletea chakula. Alikaa karibu naye tu, sahani mkononi, mpaka alipokula.

Ndipo kazi ndefu ilianza. Mwezi wa kwanza wa mazoezi, Augustine alikaa na kusukuma unyayo chini, polepole, kisha kuurudisha, bila kuuvuta juu. Mara kumi, mara tano kwa siku. Alitembea na magongo na atele, na vipande vya mpira viliondolewa kimoja kimoja. Mama Kabedi hakujua kusoma. Alifunga mafundo kwenye uzi, fundo moja kila wiki, na hakuna aliyeweza kumshawishi aondoe kipande kabla ya fundo lake. Mwezi wa nne wa mazoezi Augustine alianza kuinua visigino vyote viwili akiwa amekaa. Baadaye alifanya hivyo akiwa amesimama na kushika ukuta, mguu mzima ukisaidia mgonjwa. Siku nyingine mguu ulivimba jioni. Émerence aliwafundisha kupunguza mazoezi siku hiyo, kuinua mguu juu, lakini wasiache kabisa. Alisema kano inataka kazi ili ipate nguvu. Ikipewa kazi nyingi mapema inakatika, na isipopewa kabisa inakuwa dhaifu na kigimbi hakirudi.

Shamba nalo liliota majani. Mama Kabedi alilima peke yake kabla ya jua, akarudi kwa mazoezi, akapika. Mavuno yalikuwa kidogo, na watoto walilala na njaa siku kadhaa. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi tele, maana watu walikaa mbali naye. Watoto wa Tamar walikatazwa kula kwake. Aliyajua yote hayo, akayameza. Alikonda mpaka Émerence akamwuliza kama naye ni mgonjwa.

Mwezi wa kumi tangu kupasuliwa mara ya pili, Émerence alisema ni wakati wa kupima. Kisimba aliitwa, akaja. Chumba kilikuwa kile kile. Augustine alisimama karibu na ukuta na kuugusa kwa ncha za vidole tu. Aliinua mguu wa kulia kutoka chini. Sasa mwili wote ulikuwa juu ya mguu wa kushoto.

"Panda," alisema Émerence.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Mguu ulitetemeka. Jasho lilimtoka Augustine kwenye paji la uso. Mama Kabedi alishikilia kitenge chake kwa mikono miwili, macho kwenye kisigino. Kisha kisigino kikaachana na sakafu, upana wa kidole, halafu vidole viwili. Kikakaa juu. Kikashuka polepole bila kuanguka. Akarudia mara nne.

Émerence hakuwadanganya. Alisema kisigino hakitafika juu kama cha mguu mwingine, na Augustine atachechemea kidogo akichoka. Magunia mazito asisukume tena. Lakini atatembea, atalima, na mazoezi aendelee nayo miezi sita mingine. Augustine alimgeukia Mama Kabedi. Alipiga makofi akiwa amesimama, akasema "wafwako", asante ya Kiluba.

Kisimba aliinama, akautazama mguu kwa karibu. "Basi," alisema. "Mama atakaa." Akavaa kofia yake. Jioni ile Tamar alimtuma binti yake na sahani ya unga wa muhogo. Hakuja mwenyewe.

Wiki iliyofuata Mama Kabedi alikunja nguo zake na kuzifunga kwenye kitenge. Banza alipoona alishtuka. Alimwambia kwamba maneno yamekwisha, kwamba mzee Kisimba mwenyewe amesema akae. Alimwomba msamaha, mara ya kwanza tangu siku ile jikoni.

"Nimekusamehe, mutoto yangu," alisema Mama Kabedi. "Minyi sina kasirani. Lakini miezi kumi nimelala mu nyumba yako na macho wazi, nikingoja mutanifukuza. Sasa nataka kulala. Ninaenda Kinkondja kwa mudogo yangu."

"Mama, kama unaenda, bantu batasema nini?"

"Batasema mama ya Banza ameenda kutembea. Ile siku uliniambia niende, bangesema ni buloji."

Banza alikaa chini, akaweka kichwa mikononi.

Treni ya kwenda Bukama, njiani kuelekea Kinkondja, ilikuwa imechelewa siku mbili, na ilipofika asubuhi ilijaa watu. Augustine alimsindikiza Mama Kabedi mpaka stesheni. Walipita mtaani wakiwa wawili, bila gongo, bila atele. Augustine ndiye aliyebeba mzigo kichwani, mwepesi, wa nguo tu. Watu walitoka milangoni na kusalimu, na Mama Kabedi aliwaitikia kila mmoja kwa jina lake.

Stesheni Augustine aliuliza kama atarudi.

"Wakati ya kupanda mahindi, unitumie habari," Mama Kabedi alisema. "Nitakuja kulima na weye. Nitalala kwa Émerence. Kwa Banza usingizi haitakuja."

Alimshika Augustine begani, akamtazama mguu, akamkumbusha mazoezi ya jioni. Kisha alipanda. Treni ilipoondoka, Augustine alisimama mpaka haikuonekana tena, halafu akarudi nyumbani kwa miguu yake miwili, peke yake.